Ukimwekea mwanao Darr, shika rimoti

Mwezi uliopita binti yangu wa kidato cha tatu alinikuta sebuleni, hapa Mwanga, Kigoma, naangalia Darr, ile filamu ya Kihindi ya mwaka 1993. Akakaa. Haikupita nusu saa akauliza, "Baba, huyu kaka mbona hashtakiwi?" Nikakosa la kusema. Huyo kaka ndiye niliyekuwa nampigia makofi.

Ujanani tuliiona Ujiji, kwenye kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi, jenereta inanguruma nje na kanda inakwaruza kila ukifika wimbo. Shah Rukh Khan anampenda Kiran, ambaye tayari ana mtu wake. Anampigia simu hasemi jina, anamfuata kila aendako, anajichanja jina la Kiran kifuani kwa kisu. Wavulana tulishangilia hadi tukafokewa na mwenye kibanda. Sunny Deol, mume halali, tukamwona kisirani tu. Na ule wimbo tuliouimba mtaani bila kujua maana, kumbe unasema ukubali ukatae, wewe ni wangu.

Basi na mimi nikapata Kiran wangu. Alikuwa anashuka Kibirizi alfajiri kuchukua dagaa. Nilimfuata wiki tatu, hatua kumi nyuma, simgusi wala simsemeshi, nikajiona muungwana kabisa. Miaka ikapita, tukakutana harusini. Akaniambia anacheka, "Kaka wewe, ulinifanya nitembee na kisu cha samaki ndani ya beseni." Alicheka peke yake.

Kwa haki ya filamu yenyewe, Yash Chopra aliyeiongoza hakumfanya yule kijana shujaa. Mwisho anauawa. Sisi ndio tuliotoka kibandani tumesikitika.

Kwa hiyo sikushauri uzifiche filamu za zamani. Watoto watazikuta tu kwenye simu, tena wakiwa peke yao. Kaa nao, wa kiume hasa, na usihubiri. Simamisha picha, uliza swali moja: dada amejibu nini? Swali hilo linafaa hata kwa zile tamu. Kuch Kuch Hota Hai ya 1998 inasema mapenzi ni urafiki, na hapo bado naikubali. Ila Anjali mwenye nywele fupi na mpira wa kikapu, rafiki yake hamwoni mpaka arudi na sari. Binti yangu alisonya. Mwaka huohuo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, hata maneno ya kumbughudhi mtu yakawa kosa; kibandani habari hizo hazikufika.

Jumapili nimemwekea mdogo wake binti yangu Darr. Nikasimamisha pale kaka anapompigia Kiran simu.

"Dada amejibu nini?"

"Amekata."

Nikabonyeza, tukaendelea.