Kufuatilia moshi na vumbi kwa picha za setilaiti ukiwa Afrika Mashariki

Moshi ukitanda Katavi na Rukwa mwezi wa Agosti, au vumbi likitimka jangwa la Chalbi, wengi hufungua picha ileile moja na kutafuta doa. Utakosa moja kati ya viwili hivyo. Moshi husomwa kwa mwanga wa jua, vumbi husomwa vizuri zaidi kwa joto.

Kwa moshi, fungua tovuti ya Worldview ya NASA, haina malipo. Chagua picha za rangi halisi za VIIRS badala ya MODIS; vyote viwili ni vifaa vya kupigia picha vilivyo kwenye setilaiti. Karibu na ikweta njia za MODIS hazigusani, hivyo siku nyingine eneo lako huangukia kwenye pengo jeusi. VIIRS inaona upana mkubwa zaidi, nayo hupita kwetu mnamo saa saba na nusu mchana.

Moshi ni wa kijivu chenye ubuluu, kingo zake hufifia, na mara nyingi hukonda kuelekea kwenye chanzo. Wingu nene lina kingo kali na hutupa kivuli. Ukungu hujaa mabondeni asubuhi, na kwa kawaida mchana umeshayeyuka. Baharini jihadhari na mng'ao wa jua: utepe mpana mweupe unaofuata njia ya setilaiti kutoka kaskazini hadi kusini, na kesho yake umehama. Huo huwadanganya hata wazoefu.

Kisha weka tabaka la alama za moto. Kila alama ni katikati ya pikseli (kitone cha picha) ya mita 375 iliyozidi joto. Haikuambii moto una ukubwa gani. Shamba lililochomwa saa kumi jioni na kuzimika kabla ya setilaiti kurudi usiku halitakuwa na alama. Volkano ya Nyiragongo nayo huweza kuwekewa alama bila jani kuungua. Moshi usio na alama usiutupe.

Mawingu yakiziba, tumia kipimo cha chembe za hewani cha setilaiti ya Sentinel-5P kinachotegemea mionzi ya urujuanimno. Kinaona moshi na vumbi vilivyo juu ya mawingu, lakini ni dhaifu kwa vilivyo karibu na ardhi. Namba ndogo haina maana kwamba hewa ni safi.

Vumbi lifuate kwenye tovuti ya EUMETView, kwa picha ya rangi bandia ya vumbi kutoka setilaiti ya Meteosat ya Bahari ya Hindi, iliyo juu ya longitudo 45.5 mashariki. Ile ya longitudo 0 hututazama kwa mshazari. Picha huja kila dakika 15, usiku na mchana. Vumbi huwa la waridi iliyokoza, mawingu mazito ya juu huwa mekundu ya kiza, na yale membamba ya juu huwa meusi. Moshi hauonekani hapa kwa sababu chembe zake ni ndogo mno kwa mawimbi ya joto. Basi utando unaoonekana mchana kwa rangi halisi lakini haupo hapa, ushuku kuwa moshi. Vumbi jepesi, au lililo ndani ya hewa yenye unyevu mwingi, nalo hupotea, kwa hiyo usikate shauri kwa picha moja.

Upepo mkali wa Turkana hupata nguvu zaidi usiku hadi alfajiri, saa nyingi kabla ya VIIRS ya mchana kufika. Shida ni kwamba usiku ardhi hupoa, na vumbi la chini hulingana nayo joto, rangi ikafifia. Cheza mfululizo picha za muda wa saa tatu: ardhi hutulia, vumbi husogea.

Hapo pima mwendo. Ukingo ukisogea kilomita 60 kwa saa moja na nusu, kasi ni kilomita 40 kwa saa. Linganisha na ramani za upepo za tabaka mbalimbali za hewa. Linalolingana kwa kasi na uelekeo hukupa kadirio la kimo. Nairobi usitumie tabaka la hektopaskali 850 (kipimo cha shinikizo la hewa, hupungua kadiri unavyopanda), kwani tabaka hilo liko kama mita 1,500, chini ya ardhi ya jiji lenyewe. Anza na 700, kama mita 3,000.

Mwisho, soma ripoti za hali ya hewa za viwanja vya ndege, maana setilaiti haikuonyeshi unachovuta puani. FU ni moshi, DU ni vumbi lililotanda, BLDU ni vumbi linalopeperushwa, HZ ni utando mkavu, na umbali wa kuona huandikwa kwa mita.