Kolamu ya kromatografia inaweza kuiga utando wa seli?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili katika kemia ya dawa. Nilipanga kupima jinsi kampaundi zangu zinavyojigawa kati ya oktanoli (alkoholi yenye asili ya mafuta) na maji, lakini msimamizi wangu anataka nitumie kromatografia ya kimiminika yenye miseli, yaani kuzipitisha kwenye kolamu (bomba lililojaa chembe za silika) kwa maji yenye vishada vya sabuni, eti inakaribia zaidi utando wa seli. Maji ya sabuni yanafananaje na seli? Na je, matokeo yataniambia ni dawa ipi itafyonzwa na utumbo?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako yuko sahihi. Swali lako la pili ndilo linalonitia wasiwasi, nitalifikia.

Oktanoli ni ile ile juu mpaka chini. Utando una fosfolipidi zilizojipanga tabaka mbili, vichwa vyenye chaji vikielekea majini na mikia ya mafuta ikijificha katikati. Chukua propranololi, dawa ya presha. Kwenye pH 7.4 karibu molekuli zake zote zina chaji chanya. Ikifika kwenye utando, fosfeti ya vichwa huivuta kwa chaji yake hasi, huku pete zake mbili za kaboni zikizama kwenye mafuta. Mvuto huo wa pande mbili kwa wakati mmoja oktanoli haiuonyeshi.

Sasa tazama sabuni. Sodiamu dodesili salfeti, yaani SDS, ikizidi takriban milimoli 8 kwa lita katika maji ya nyuzi 25, molekuli zake hukusanyika kama 60 hivi, mikia ndani, vichwa nje. Hiyo ndiyo miseli. Wengi huishia hapo, wakasahau kolamu yenyewe. Minyororo ya kaboni 18 iliyoshikizwa kwenye silika hufyonza sabuni: mikia hujichomeka katikati ya minyororo, vichwa vikabaki nje kuelekea majini. Kwangu mimi, ufanano na utando uko hapo zaidi kuliko kwenye miseli, ambayo ni tufe dogo lililopinda mno. Kampaundi yako inajigawa kati ya maji, miseli na uso huo. Endesha sampuli kwa viwango kadhaa vya sabuni, kisha chora 1/k (k ni kipimo cha jinsi kampaundi inavyokawia kwenye kolamu) dhidi ya ukolezi wa miseli (toa kwanza zile milimoli 8, maana hizo hazimo kwenye miseli). Utapata mstari mnyoofu, na mteremko ukiugawanya kwa mkato unapata nguvu ya kampaundi kujishika na miseli.

Uchaguzi wa sabuni una uzito. SDS ina chaji hasi tupu, ilhali fosfatidilikolini, mojawapo ya fosfolipidi za utando, ina hasi na chanya. Kwa hiyo SDS huzidisha mvuto wa dawa za chaji chanya na kuzisukuma za chaji hasi kama diklofenaki, dawa ya maumivu. Watafiti wa Valencia, Hispania, walijenga mbinu yao juu ya Brij-35, sabuni isiyo na chaji, kwenye pH ya mwili na joto la karibu nyuzi 37. Anza na hiyo, kisha rudia kwa SDS. Zipange kampaundi kwa muda zinaokaa kwenye kolamu; itakayobadilisha nafasi yake kwenye orodha hiyo ndiyo ambayo chaji inaitawala.

Kuhusu utumbo, usiahidi. Muda wa kukaa kwenye kolamu unaonyesha kampaundi inavyoupenda utando, na kuupenda si kuuvuka. Inayoupenda kupita kiasi inaweza kunasa humo humo. Tena kolamu haina protini: haina P-glikoprotini ya kuitema dawa nje, haina milango ya kuibeba kuiingiza, haina mianya kati ya seli na seli inayopitisha molekuli ndogo zinazopenda maji. Kwenye tasnifu yako andika wazi kwamba unazungumzia dawa zinazojipenyeza zenyewe.

Jambo la mwisho, nakusihi: ukitumia SDS, usiweke bufa (myeyusho wa kushikilia pH) ya potasiamu. Chumvi yake ya potasiamu haiyeyuki vizuri kwenye joto la kawaida la chumba. Utaona unga mweupe kwenye chupa, halafu presha ya pampu ipande. Tumia sodiamu tupu, na ukimaliza suuza kwa maji mengi kabla ya methanoli. Vilele vyako, yaani alama za kampaundi kwenye chati, vitakuwa vipana. Propanoli asilimia 3 na joto la nyuzi 40 husaidia, lakini alkoholi hiyo hubandua sehemu ya sabuni iliyo kwenye kolamu, na mfano wako wa utando ukabadilika. Ukiiweka, iweke kwa kampaundi zote, la sivyo huwezi kuzilinganisha.