Mami, kuhusu zile baraka uliniuliza

Mami, shalom. Meseji yako niliipata Jumapili nikiwa shambani, nikaisoma, nikarudisha simu mfukoni, nikaitoa tena. Unauliza, kama nimekuelewa vizuri, ukitoka zamu ya usiku umechoka hujiwezi, unasema baraka ya mkate, ile sala fupi yetu Wayahudi kabla ya kula, mbio mbio na akili imebaki wodini, je hiyo inahesabika ama ni kelele tu. Halafu pale chini ukaongeza kwamba labda Mungu anaiona kazi umefanya usiku kucha na hiyo ni sala tosha. Hiyo ya pili ndiyo imenikera. Kidogo tu.

Ya kwanza ni rahisi. Muulize rabi yeyote, atakuambia imepita, usirudie, maana kutaja Jina la Mungu bure ni jambo zito na kukiwa na shaka kwa baraka mtu huacha tu. Basi. Lakini sidhani uliandika saa kumi na moja alfajiri ili uambiwe hivyo.

Mimi neno langu unalijua, na najua ushaanza kucheka: baraka haitui kwa mikono iliyokunjwa. Torati inasema Mungu akubariki katika kazi yote ya mkono wako unayoifanya, haijasema akubariki ukiwa umekaa, na wazee wetu walioufafanua huo mstari walisema wazi, akifanya anabarikiwa, asipofanya habarikiwi. Kwa hivyo bidii yako mimi sina shida nayo, ni nani amekulipia karo ya unesi kama si viazi? Kwenye Talmudi, kile kitabu cha mijadala ya wazee wetu, Rabi Ishmaeli anasema vuna nafaka yako wakati wa kuvuna, Tora isome pamoja na kazi. Rabi Shimon bar Yohai anamjibu, mtu akilima wakati wa kulima, akipanda wakati wa kupanda, akivuna wakati wa kuvuna, Tora itasomwa saa ngapi? Abaye akaja kusema wengi walimfuata Ishmaeli wakafaulu, wengi walimfuata Shimon wakashindwa. Mimi ni wa Ishmaeli na nitazikwa nikiwa wa Ishmaeli. Lakini mami, mistari michache kabla ya hapo, hapo hapo tu, imeandikwa kwamba anayekula kitu cha dunia hii bila baraka ni kama amekwapua mali ya Mungu. Hawajasema isipokuwa mkulima, hawajasema isipokuwa nesi wa usiku. Jasho ni lako, sawa, na shamba ni la nani?

Na usijifanye hujui raha ya baraka wewe, kwa sababu ni wewe ulinimalizia plamsi. Ulikuwa umetoka tu kufundishwa kwamba Rabi Meir alisema mtu aseme baraka 100 kila siku, na ukapiga hesabu kwa vidole, siku ya kawaida Amida, ile sala yetu ya kusimama, ina baraka 19 na inasomwa mara tatu, hiyo ni 57 hata hujakula, lakini Shabati kila Amida ina saba tu, so kuna pengo, na pengo wazee walisema lizibwe na matunda na vitu vya kunukia. Ukachukua jukumu la kuziba pengo la nyumba nzima! Unakula plamsi moja, unazunguka boma, unarudi ati umesahau uliyokula, unabariki nyingine. Shosho wako ndiye alikukamata, akakuambia baraka inafuata njaa, njaa haitengenezwi kufuata baraka. Sikuwahi kuona mtu akikasirika huku anacheka hivyo.

Sasa kwa vile nimemtaja wacha niseme, maana ulikuwa shuleni Mbale na umesikia kwa mama yako lakini si yote. Unajua alianza haya mambo ya Kiyahudi akiwa mzee na hakujua kusoma hata Kikuyu. Kila neno la Kiebrania aliingiziwa sikioni, jikoni, akichambua maharagwe. Nilimwambia Mishna, zile sheria za wazee wetu, inaruhusu baraka ya baada ya chakula kwa lugha yoyote, sema kwa Kikuyu, Mungu si wa Nairobi. Akakataa. Halafu kikaja kile kiharusi, mwaka ule baridi ya usiku ilichoma viazi vyote vya bondeni, mdomo ukaenda upande na mkono wa kulia ukajikunja ukakataa kufunguka.

Ndiyo akaja yule mgeni, jina siliandiki. Ilikuwa Ijumaa usiku, tumemaliza kula, tunaanza kushukuru, na shosho kama kawaida anataka kusema mwenyewe kwa sauti, neno moja linachukua dakika, lingine linamkwama anarudi analisukuma. Mgeni akangoja kiasi, akamwambia ami yako kwa Kiingereza, kwa heshima kabisa, mwambie mama asijisumbue, asikilize tu aseme Amina, sheria inaruhusu. Na ni kweli, ndiyo inaniuma hadi leo, ni kweli! Anayesikiliza na kukusudia ni kama amesema. Sikuwa na kitabu cha kumpinga nacho. Shosho akauliza amesemaje, ami yako akamtafsiria. Akamwangalia yule kijana. Kisha akaendelea pale pale alipoachia, polepole zaidi ya mwanzo, nafikiri kwa makusudi, hadi watoto wakalala mezani na mgeni akawa anaangalia saa.

Ile baraka ya kutoka chooni pia hakuiacha. Wewe nesi unaijua kuliko mimi, inataja matundu na mirija ya mwili, kimoja kikizibika au kimoja kikifunguka mtu hawezi kusimama mbele za Mungu. Mama yako anamshika kwapani, anamvalisha, na yeye anaisema yote, hata hapo pa kusimama.

Sasa ona shida yangu. Mkono wake ulikuwa umekunjwa. Kwa neno langu mwenyewe baraka haingetua pale, na mimi naapa ilitua. Nimejaribu kujitetea kwamba kutamka ndiyo ilikuwa kazi yake, shamba lake lilikuwa mdomoni, na Ben Hehe kwenye Pirkei Avot, kile kitabu cha misemo ya wazee, anasema kadiri ya taabu ndivyo ujira. Sawa. Lakini nikisema hivyo nimekupa wewe ushindi, kwa sababu ya kwako ya saa kumi na moja, miguu imevimba, inawezekana ni nzito kuliko yangu mimi niliyelala masaa nane. Halafu nageuka nasema hapana, shosho alichoka kukushinda na hakuharakisha hata neno moja. Halafu mama yako ananiambia shosho hakuwa na matatu ya kuwahi wala zamu ya kesho, na wewe mzee mwache mtoto alale.

Basi naacha. Nina jibu, na lingekuwa fupi kuliko barua hii, lakini nimeahidi mama yako sitaliandika. Ukija Pesaki, Pasaka yetu, uniulize uso kwa uso, hapo sijaahidi kitu.

Viazi nimekutumia nusu gunia na matatu ya saa nne, dereva ni yule yule, ameshalipwa, usikubali akuitishe zingine.

Baba yako