Jibu: Analia usiku, ni tumbo au ni usonji?

Pole na kukesha, dada. Umeuliza kama mwanao wa miaka 5 asiyeongea, anayeamka usiku akilia na kujigonga kichwa, anaumwa tumbo au ndiyo usonji (autism) wenyewe. Mimi ningeanzia tumboni. Kufunga choo na kiungulia huwasumbua sana watoto wenye usonji, na asiyeongea husema kwa mwili.

Mwangalie anavyokaa. Anakandamiza tumbo kwenye mkono wa kochi? Anapinda mgongo akishakula, anajificha nyuma ya mlango kakaza miguu? Huyo huenda anazuia choo. Na chupi ikichafuka kwa majimaji, usikimbilie dawa ya kuzuia kuharisha: choo kigumu kinaweza kuwa kimeziba, majimaji yanapenya pembeni.

Umesema anakula ugali wa sembe na nyama tu, mlenda hagusi. Basi nyuzinyuzi, zile za mboga na matunda zinazolainisha choo, anapata kidogo mno, na kwa joto la hapa Dodoma maji nayo lazima umkumbushe. Andika daftarini siku za choo, ugumu wake, alichokula, saa aliyolia. Nenda nalo kwa daktari wa watoto, hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa, na usikubali kuambiwa "ndivyo walivyo" bila tumbo kupapaswa. Kumkatisha maziwa au ngano kwa kusikia tu sikushauri kabisa, atabaki hana cha kula.

Akitapika kijani, tumbo likivimba na kuwa gumu, au ukiona damu kwenye choo, usisubiri miadi. Mpeleke usiku huohuo.