Jenereta ya motahomu inapiga tik tu, haizunguki: ninunue selfu mpya?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Columbus, Ohio, nimenunua motahomu (gari lenye nyumba ndani) iliyotumika. Jenereta yake ya petroli, kilowati 4, nikibonyeza swichi inapiga tik basi. Betri nimeweka mpya. Huko chini vyuma vina kutu na waya zina unga wa kijani. Ninunue selfu (mota ya kuzungushia injini iwake)?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Selfu usinunue kwanza, watu wanatupa hela nyingi hapo na mimi inaniuma sana. Hiyo tik maana yake solenoidi (swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye selfu) inavuta, ila mara nyingi umeme mkubwa wa kuzungusha selfu haufiki. Na huko Ohio winta barabara zinamwagwa chumvi, sasa jenereta inaning'inia chini ya gari, tairi linairushia maji ya chumvi safari nzima, kwa hiyo mi nashuku waya wa ethi (unaorudisha umeme upande hasi wa betri) kabla ya kitu kingine chochote.

Pima, usikisie. Mita iweke volti za DC, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe (sio kwenye klemu), nyingine kwenye bodi ya selfu, halafu mwenzio abonyeze swichi, lazima abonyeze maana umeme usipopita mita haikwambii kitu. Ikizidi kama volti 0.3 ethi yako mbovu. Upande wa chanya nenda kipande kwa kipande, betri mpaka solenoidi, kisha bolti moja ya solenoidi mpaka ya pili, ukikuta karibu volti 12 hapo katikati huku inapiga tik, visahani vya ndani vimeungua, badilisha solenoidi peke yake. Kote kukiwa safi na bado haizunguki, toa plagi uzungushe injini kwa mkono, ikizunguka vizuri ndo sasa tunaizungumzia selfu na kaboni zake (vipande vinavyoingiza umeme ndani ya mota).

Kusafisha: chomoa kwanza umeme wa nje maana chaja inalisha betri hizo hizo, fungua waya hasi wa betri kabla ya chanya, na hakikisha hakuna harufu ya petroli wala gesi. Wengi wanapiga msasa juu juu ya bolti wakati kutu imejificha chini ya kichwa cha waya, pale kinapogusana na fremu. Fungua kabisa, futa rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza, ndo upake grisi juu. Waya wenyewe uchane ganda kidogo karibu na kichwa, shaba ikiwa nyeusi kata mpaka ufike inayong'aa, na kama weusi umeingia mbali weka waya mpya wenye unene ule ule, ikiwezekana ile shaba iliyopakwa bati wanayotumia kwenye boti.

Unapojaribu usishikilie swichi zaidi ya sekunde 10, iache ipoe, na gari liwe nje kabisa, sio gereji, ule moshi una kaboni monoksidi, gesi inayoua bila harufu.

Ukishapima nitumie namba za ethi na za chanya, tuendelee kutokea hapo.