Kwa walimu wapya wa kwaya: Zaburi kwanza

Tumsifu Yesu Kristo, wadogo zangu mliokabidhiwa kwaya mwaka huu. Jumapili nilikaa benchi la nyuma, nikasikia kinanda kikipigwa chinichini huku padre akisali Sala ya Ekaristi, ile sala kuu ya kuweka wakfu mkate na divai. Nikaona niandike.

1. Padre akianza Sala ya Ekaristi, ondoa mikono kwenye kinanda. Chinichini nako ni kupiga.

2. Zaburi. Hapa niliumia mwenyewe. Mwaka wangu wa pili wa ualimu, Jumatano ya Majivu, nilikuwa na wimbo wa toba nilioutunga: beti sita, sauti nne, bezi wameushika kwelikweli. Zaburi ya siku ile ni ya 51. Nikaiona haitoshi kuonyesha kwaya, nikaufanya wimbo wangu kuwa wimbo wa katikati, yaani mahali pa Zaburi, kati ya masomo. Tuliimba vizuri, sikatai. Padre akaanza mahubiri: "Kama tulivyoimba hivi punde, Ee Mungu, uniumbie moyo safi..." Akakatisha. Akatutazama, na kanisa zima likageuka kututazama. Mahubiri yake yote aliyajenga juu ya mstari ule, na mimi nilikuwa nimeuondoa. Aliendelea kwa shida, akirudia maneno ambayo watu hawakuyasikia. Baada ya Misa, sakristia, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, Zaburi mliipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Mwongozo wa Misale ya Roma, yaani kanuni za kuadhimisha Misa, namba 57, unakataza kuweka matini yasiyo ya Biblia mahali pa masomo na Zaburi. Kitabu kilikuwa palepale kabatini, nami kila wiki nilifungua kabati lile kuchukua kipaza sauti. Tangu siku hiyo mazoezi yangu huanza na Zaburi, na atakayeiimba huisoma kwanza kwa sauti ya kawaida mpaka sote tuielewe.

3. Kwaresima kinanda ni cha kushikilia sauti za waimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya nne, sherehe na sikukuu. Aleluya hakuna, hata kwenye wimbo wa shukrani. Ila sherehe ya Mtakatifu Yosefu, hata ikiwa ndani ya Kwaresima, wimbo wa Utukufu kwa Mungu unaimbwa! Kwaya moja niliyoitembelea iliusahau. Padre akauanzisha mwenyewe, juu mno, soprano wa watu wakahangaika mpaka Amina.

4. Wimbo wa Mwanakondoo wa Mungu hurudiwa mpaka padre amalize kuumega mkate. Mtazame yeye, acha daftari la nota.

Nawafokea kwa sababu nawapenda. Anayekwama kwenye solfa aje Alhamisi saa kumi na moja jioni, ufunguo wa chumba cha kinanda ninao mimi.