Mashine ya Juisi: Maneno ya Boksi na Kazi ya Jikoni

Barua za mwezi huu kutoka Mombasa zimekuja na swali moja kwa sura tofauti: mashine gani ya juisi ninunue, na ninayoambiwa dukani ni ya kweli? Tumechagua sita.

Assalam aleikum. Duka moja hapa mjini wameniambia mashine ya kasi, ya shilingi 6,500, huchoma vitamini na kuua vimeng'enya (enzaimu). Ile ya polepole, ya shilingi 18,500, eti hukamua kwa baridi na kuacha uhai wa tunda. Nitoe pesa zaidi? (Mama wa watoto watatu, Tudor)

Waaleikum salaam, mama. Habari ya kuchoma si kweli, na hesabu yake ni nyepesi. Mashine ya kasi ya wati 800 hutoa nusu lita ya juisi kwa nusu dakika hivi. Nishati yote inayotumika kwa muda huo ni jouli 24,000. Tuseme nishati hiyo yote igeuke joto na iingie kwenye juisi bila kupotea hata chembe: ingeipandisha kwa nyuzi kama 11 na nusu. Lakini sehemu kubwa hubaki kwenye mota na nyingine huondoka na makapi na hewa, kwa hivyo juisi hupanda nyuzi chache tu. Karoti iliyotoka soko la Marikiti mchana wa kiangazi huwa na nyuzi 30 kabla hata hujaimenya. Vimeng'enya vya matunda huharibika kwa kasi joto linapopita nyuzi 50 au 60, na hakuna mashine ya nyumbani inayofika huko kwa glasi mbili za juisi. Isitoshe, vimeng'enya ni protini. Vikifika tumboni, asidi huvivunja kama inavyovunja protini ya kunde.

Neno "baridi" kwenye boksi lisikutishe basi. Maana yake ni kwamba tunda halikupashwa moto, na ile ya kasi pia haipashi moto.

Hata hivyo mashine hizi mbili si sawa, na tofauti yake utaielewa upesi ukiwa umewahi kupika kwa nazi. Mashine ya kasi hufanya kazi ya mbuzi ya kukunia nazi: bamba la meno hukwaruza tunda, kisha kikapu cha chujio kinachozunguka mara 6,000 hadi 14,000 kwa dakika hurusha maji pembeni. Mashine ya polepole hufanya kazi ya kifumbu cha kukamulia tui: parafujo nene, inayozunguka mara 40 hadi 100 hivi kwa dakika, husukuma tunda kwenye chujio na kulibana mpaka maji yatoke. Mzunguko wa kasi huchanganya juisi na hewa nyingi. Ndiyo sababu hutoa povu jingi, na juisi ya tufaha hugeuka rangi ya chai kwa dakika chache, kwa maana oksijeni imeshakutana na kimeng'enya kinachotia weusi. Kamulia nusu ndimu kwenye jagi kabla ya kuanza, na weusi huo utachelewa sana.

Mashine ya polepole pia hutoa juisi zaidi, hasa kwenye majani na tangawizi. Lakini ni zaidi kiasi gani? Jipimie. Chukua karoti nusu kilo, kamua, pima juisi kwa jagi lenye alama, kisha yatie makapi kwenye kitambaa safi na uyaminye kwa mkono kama unavyominya machicha. Makapi yakitoa vijiko vitatu vinne vya maji, mashine inakuibia. Yakibaki makavu, yanayopukutika kama unga wa mbao, inafanya kazi yake.

Sasa pesa. Tofauti ya bei uliyotajiwa ni shilingi 12,000. Tuseme karoti ni shilingi 100 kilo, na mashine ghali inakuokolea thamani ya shilingi 20 kwa kila kilo. Utahitaji kukamua kilo 600 ndipo urudishe pesa yako. Kwa kilo moja kila wiki, hiyo ni zaidi ya miaka 11. Rai yetu: kama unakamua karoti na tufaha mara mbili kwa wiki, ile ya 6,500 yatosha. Kama unakamua kila siku, au unataka juisi ya mchicha na majani mengine, au una mtoto mchanga ambaye kelele za mashine ya kasi zitamwamsha, ile ya polepole ina haki ya bei yake. Usiinunue kwa ajili ya vitamini tu.

Nataka mashine ya kutengeneza juisi za futari: embe, ukwaju, pasheni, papai na parachichi. Ipi itafanya yote? (Msomaji, Kisauni)

Hakuna, na hata hivyo huihitaji. Boksi likichorwa embe na ndizi, jua huyo ni mchoraji tu. Embe, papai, ndizi na parachichi ni nyama laini isiyo na maji ya kutenganishwa. Ukilitia embe kwenye mashine ya kasi, nyama itashika chujio kama uji, na nusu ya embe utaikuta kwenye ndoo ya makapi. Kwa matunda hayo nunua blenda nzuri na chujio la waya.

Embe: nyama ya maembe mawili makubwa kwa maji baridi nusu lita, saga sekunde 30, chuja ikiwa ni embe lenye nyuzi. Pasheni: usiisage muda mrefu. Bonyeza blenda kwa mipigo mifupi minne au mitano, sekunde moja moja, ili kokwa ziachane na utando bila kuvunjika, kisha chuja. Kokwa zikisagika, juisi huwa na vidoa vyeusi na ladha ya uchungu. Ukwaju hautaki umeme kabisa: gramu 200 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, uache nusu saa, uvuruge kwa mkono mpaka kokwa zibaki tupu, uchuje.

Machungwa nayo yana chombo chake, kikamulio cha kubonyeza, cha mkono au cha umeme. Ukiyatia kwenye mashine kubwa, yamenye mpaka ule weupe utoke, kwa sababu ndio unaoleta uchungu, na mafuta ya ganda hufifisha na kupasua baadhi ya plastiki.

Kazi halisi ya mashine ya juisi ni vitu vigumu vyenye maji: karoti, kiazisukari (bitiruti), tufaha, tango, nanasi na tangawizi. Muwa usiujaribu nyumbani. Mashine za miwa za barabarani hubana kwa magurudumu mazito ya chuma, ilhali parafujo ya plastiki itapasuka.

Kakangu yuko Marekani na ataniletea mashine ya wati 1,000. Hapa naona za wati 200 zinauzwa ghali zaidi. Wati nyingi si ndiyo nguvu? (Msomaji, Likoni)

Kwanza mzuie kakako asinunue kabla hajasoma kibandiko cha chini ya mashine. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 240. Kikisema 120V pekee, mota itaungua hapa mara ya kwanza ukiiwasha, na transfoma ya kuhimili wati 1,000 ni nzito na ina bei yake. Ya Dubai au Uingereza haina tatizo hilo.

Wati ni umeme unaoliwa, si juisi inayotoka. Mashine ya kasi inahitaji wati nyingi ili kikapu kizunguke mara maelfu. Ya polepole hutumia gia kupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kusokota, kwa hivyo wati 150 hadi 250 huitosha. Tena angalia kama boksi limeandika wati za juu kabisa: mara nyingi huo ni umeme unaovutwa mota inapokwama, si unaotumika kukamua. Kwenye stima yako tofauti ni ndogo mno. Wati 800 kwa dakika 3 na wati 200 kwa dakika 12 ni sawasawa, yuniti 0.04.

Kitu cha kusoma kwenye kibandiko hicho ni herufi KB na namba ya dakika. "KB 1 min" maana yake mota ikifanya kazi dakika moja lazima ipumzike ipoe. Anayetaka kukamulia wageni 20 na mashine ya dakika moja ataivuta harufu ya waya unaoungua.

Mashine yangu ya polepole ilikuwa nzuri, sasa inakwama, juisi inavuja chini, na chujio limeota madoa ya kutu. Nimeuziwa bandia? Garantii ni ya miaka 10. (Msomaji, Mji wa Kale)

Pengine si bandia. Tuanze na kukwama. Vua parafujo uitazame shingoni: ukiona nyuzi zimejifunga kama uzi kwenye bobini ya cherehani, ni za tangawizi, nanasi au mabua ya mchicha. Tangawizi ikatwe vipande vya sentimita 1 kukata nyuzi, si kwa urefu, na majani sentimita 2 hadi 3. Tia jani, kisha karoti, kisha jani. Kigumu husukuma kilaini. Ikikwama usiongeze nguvu kwa mchi. Bonyeza kitufe cha kurudisha nyuma sekunde 5, mara mbili tatu, ndipo uendelee.

Juisi kuvuja chini huwa ni mipira miwili. Mmoja ni pete iliyo katikati ya bakuli pale mhimili unapopita. Mara nyingi hutolewa kuoshwa na kurudishwa kichwa chini. Wa pili ni kizibo kidogo kilicho chini ya tundu la makapi, ambacho hufunguliwa wakati wa kuosha. Watu wengi husahau kukibana tena. Jaza bakuli maji vikombe viwili kabla ya kuwasha na utazame tone linaanzia wapi.

Kuhusu kutu: chuma cha pua hakishindwi na karoti, hushindwa na chumvi. Hewa ya bahari ina chumvi, na maji ya visima vingi kisiwani yana chumvi pia. Ukiosha kwa maji hayo na kuliacha chujio likauke lenyewe, chumvi hubaki kwenye matundu na kula chuma. Suuza mara ya mwisho kwa maji matamu, ufute, na ulihifadhi mahali pakavu. Usililoweke kwenye jiki, kwani klorini hufanya kazi ile ile kwa haraka zaidi. Matundu yaliyoziba kwa weupe wa maji magumu, loweka kwa siki na maji nusu kwa nusu kwa dakika 30, kisha sugua kwa burashi kutoka nje kuja ndani. Doa la rangi ya machungwa la karoti kwenye plastiki halitoki kwa sabuni peke yake, maana rangi hiyo huyeyuka kwenye mafuta. Pakaza mafuta ya kupikia, subiri dakika 10, ndipo uoshe. Na wenye mashine za kasi: kikapu kikiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, kitupe leo. Chuma kinachozunguka mara maelfu kwa dakika kikipasuka hakibaki ndani.

Garantii hiyo isome upya. Aghlabu miaka 10 ni ya mota tu, nayo ni nadra kufa kwanza. Vinavyokufa ni chujio, parafujo na mipira. Anayekwenda kununua aulize vitatu hivyo kwa bei, dukani hapo hapo. Muuzaji asipokuwa navyo wala hajui pa kuvipata, hiyo ni mashine ya msimu mmoja.

Mamangu ana kisukari. Muuzaji amesema juisi ya karoti na kiazisukari kila asubuhi huosha damu na kushusha sukari, aache vidonge polepole. (Msomaji, Changamwe)

Asiache vidonge. Damu huchujwa na figo na ini, na mashine haisaidii hapo. Kukamua huondoa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia mwilini, kwa hivyo juisi hupandisha sukari upesi kuliko tunda lenyewe. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa, bila kutiwa chochote, ina sukari gramu 21 hadi 25. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unaihesabu sukari ya juisi pamoja na ya kutia kwenye chai, na unataka jumla isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima wa kawaida. Mpe mamako chungwa zima baada ya mlo, na swali la dawa alipeleke kwa daktari wake. Akinywa juisi ya kiazisukari na mkojo ukawa mwekundu, asitishike, ni rangi yake.

Boksi limesema juisi hukaa saa 72. Nataka kukamua usiku niuze asubuhi. (Msomaji, Bondeni)

Saa 72 ni za friji isiyopita nyuzi 4, chupa iliyojaa mpaka mdomoni, na stima isiyokatika. Sisi twasema saa 24. Juisi ya nanasi, machungwa na pasheni ina asidi inayosaidia; ya karoti haina. Mwaka 2006 huko Marekani watu walipata sumu kali ya botulizimu kwa juisi ya karoti ambayo haikuwekwa kwenye baridi ya kutosha. Kamua karoti alfajiri, si usiku. Chemsha chupa dakika 10, osha matunda kwa maji safi kabla ya kuyakata, na weka chupa kwenye kasha la barafu, si kivulini. Stima ikikatika usiku kwa zaidi ya saa nne, ile ya karoti imwage.